Yupo, Anauguza

Kosa nililofanya mwanzoni kabisa, kabla hata sijachagua mfumo wowote wa kompyuta, ni kuamua kukomesha kuitikiana. Nalitaja kwanza kwa sababu huwa najikuta nikisimulia habari hii kuanzia katikati, pale ambapo lawama inaweza kugawanywa: kidogo kwa kompyuta, kidogo kwa kamati, kidogo kwa bahati mbaya. Nikianzia hapa, haigawanyiki.

Klabu yetu ni ya jogging, huku Wazo. Jumamosi na Jumapili alfajiri tunakutana kwenye uwanja wa shule ya msingi, tunakimbia hadi barabara kubwa na kurudi tukiimba, madereva wa malori ya saruji wakitupigia honi, wengine kutusalimia, wengine kutufukuza barabarani. Tukirudi tunasimama duara huku jasho likikauka, na katibu anaita majina. Aliyepo anaitika. Asiyekuwepo anaitikiwa na mtu mwingine, na huyo anayemwitikia lazima aseme mwenzake yuko wapi.

"Yupo, ana zamu kiwandani."

"Yupo, kaenda kwao Moshi, mdogo wake anaoa."

"Yupo, kalala! Nimemgongea mlango mpaka kaamka mwenye nyumba!"

Duara zima linacheka, katibu anatia alama, jina linalofuata. Ambaye haitiki wala haitikiwi ndiye watu wanaulizana habari zake, na kabla ya jioni kuna mtu atapita kwake kumwangalia.

Mimi niliona ule ni uongo unaofanywa hadharani. Mtu yuko kitandani, ameandikwa yupo. Mtu yuko Moshi, ameandikwa yupo. Niliona aibu kwa niaba ya klabu, kana kwamba kuna mkaguzi amejificha nyuma ya madarasa anatuandika.

Ni vizuri niseme nilivyo. Nafanya kazi kwenye steshenari, nachapa barua za watu na kutoa kopi. Karatasi ikitoka imepinda kidogo tu naitupa naanza upya, hata kama mteja anasema hapana kaka, nipe tu hiyohiyo. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu vitu vya watu kisha kuvirekebisha kabla hawajajua. Mtu aliyejifunza hivyo anaishi na hofu moja: kwamba siku moja ataingia mtu aliyesoma, aulize swali dogo kabisa la msingi, na wewe ukose jibu. Kwa hiyo kila ninachofanya nakifanya kifanane na cha mtu aliyesoma. Sikuwahi kujiuliza kama kinafanana na kinachohitajika.

Kuhusu haja ya mfumo, ilikuwepo kweli. Sehemu kubwa ya klabu yetu, ukitaka ukweli, si kukimbia. Ni misiba. Wengi wetu ni wapangaji, tumetoka bara au kusini, ndugu wako mbali. Mwanachama akifiwa, klabu inafika na jezi. Vijana wanabeba jeneza, akina mama wanaingia jikoni, na mfiwa anaonekana mbele ya ukoo wake kwamba huku mjini ana watu. Ndiyo maana watu wanaamka alfajiri kukimbia hata wasiopenda kukimbia.

Sasa katibu wetu, mama mmoja mwenye genge la nyanya na vitunguu, alikuwa akiweka kumbukumbu zote kwenye daftari na kichwani, na vyote viwili vilikuwa vimejaa. Kuna mwaka alichanganya wanachama wawili wenye majina yanayokaribiana. Tukakodi basi kutoka Wazo hadi Gongo la Mboto, mji mzima tumeukatiza, tukashuka na jezi zetu za kijani tukiimba polepole kwa huzuni, tukaingia kwenye uwanja wa nyumba ambayo mwari alikuwa anatolewa. Mama mmoja mwenye hina mpaka viwiko akatutazama, akauliza, "Nyie ndio watu wa ngoma?"

Msiba wenyewe ulikuwa Mbagala. Tulifika wameshazika. Kwenye basi la kurudi katibu alikaa kiti cha mbele, hakugeuka nyuma hata mara moja. Watu walicheka, kwa sababu ilichekesha, lakini yeye bega lake lilikuwa linatetemeka na si kwa kicheko. Wiki iliyofuata mwenyekiti, ambaye ni dereva wa lori na ana sauti ya kuzidi injini, akaniita pembeni.

"Dogo, wewe si mtu wa kompyuta? Tutafutie kitu. Bi mkubwa asije akaumbuka tena."

Hayo ndiyo yalikuwa maagizo. Asiumbuke tena.

Nilichagua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilijaribu mifumo mingi, nikaipa alama, nikazifuta, nikaipa tena. Mwisho ikabaki mitatu. Wa kwanza lilikuwa jedwali nililolitengeneza mwenyewe. Lilifanya kazi, lakini kila nikilifungua naona mkono wangu, na nikiuona mkono wangu nasikia kucheka kwa watu. Wa pili ulikuwa wa kijana mmoja wa Sinza anayetengeneza mifumo ya vikundi kwa kutumia meseji za kawaida. Tulikutana kwake, baa ya jirani ikipiga muziki mchana kweupe, tukawa tunapigiana kelele mezani.

"Watu wenu wanahudhuriaje?" akauliza. "Mtu akiuguza mnamwandikaje? Wanaochangia simu moja wangapi? Akifa mtu, nani anaambiwa wa kwanza?"

Nilitoka pale nikiwa nimemdharau. Nilijiambia huyu hajui kazi yake, mtu anayejua kazi hakuulizi, anakueleza. Rangi za mfumo wake zilikuwa za machungwa na bluu, kama bango la mganga.

Wa tatu ulitengenezwa nje, kwa ajili ya vyumba vya mazoezi vya kulipia. Toleo la bure. Ulikuwa mweupe, msafi, una michoro inayopanda na kushuka. Haukuniuliza kitu chochote isipokuwa kisanduku kimoja: mwanachama asipoonekana kwa muda gani ahesabiwe ameondoka? Pameshaandikwa tayari miezi mitatu. Nikaacha hivyohivyo. Nilidhani waliotengeneza wanajua. Niliuchagua kwa sababu ulifanana na kitu ambacho mtu aliyesoma angekichagua. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta.

Maneno yake nikayatafsiri kwa ajili ya kamati. Jina la kijani: anashiriki. Jina la kijivu: amejitoa. Nilijivunia sana hilo neno amejitoa. Lilikuwa fupi na lilienea vizuri kwenye kisanduku.

Siku ya kuuonyesha mfumo, katibu aliutazama kwa muda, akaniuliza jambo moja tu. "Na wale wanaoitikiwa?"

"Mama, hao ndio wanaotuvurugia kumbukumbu," nikamjibu.

Akalifunga daftari lake. Baada ya ile safari ya Gongo la Mboto alikuwa ameacha kubishana na watu.

Jumapili iliyofuata nikaweka meza uwanjani, nikaweka na kompyuta yangu juu yake. Kila mtu aje mwenyewe, aingize namba yake, jina liwe kijani. Watu walipanga foleni wakitaniana. Ikafika zamu ya dada mmoja wa saluni, mwenye mdomo mwepesi kuliko wote klabuni. Akaingiza yake, kisha akataja jina la jirani yake, yule dada aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Kila mtu alimfahamu. Sauti yake ilikuwa inatangulia klabu nzima, unaisikia kabla hujaona jezi.

"Mwandike na yeye. Yupo, anauguza. Mama yake kaletwa kutoka Newala, hali si nzuri."

"Sista, mfumo haupokei wa kusemewa," nikasema.

"Haupokei?"

"Aje mwenyewe."

"Aje mwenyewe amwachie mgonjwa nani, wewe na kompyuta yako?"

Foleni ikacheka. Mimi pia nikacheka, ili nisionekane nimechekwa. Lakini sikuandika. Jumapili mbili tatu aliendelea kulitaja jina lile kila akifika mezani, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuna watu. Kisha akachoka.

Miezi ikapita. Ripoti zangu zilikuwa nzuri mno. Kila mwisho wa mwezi naituma kwa kamati: walioshiriki, waliojitoa, mchoro. Hakuna aliyejibu, nikachukulia kimya chao kuwa sifa. Majina yalikuwa yanageuka kijivu yenyewe, moja baada ya jingine, na kila likigeuka nilikuwa nasikia raha ya mtu anayefagia uwanja. Jina la yule dada wa nyimbo liligeuka lini sikumbuki. Hilo nalo linaniuma. Sikuliona.

Ikaja Ijumaa moja. Nilikuwa steshenari, mchana, mteja amesimama mbele yangu anasubiri kopi za vyeti. Katibu akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Dada yetu wa nyimbo kafiwa na mama yake. Jirani yake kanipigia sasa hivi. Wanazika leo, alasiri. Tangaza basi watu wajiandae."

Matangazo ya misiba nayo nilikuwa nimeyaingiza kwenye mfumo, ili yasipotee njia tena. Unachagua jina la mfiwa, unaandika mahali na saa, wote wanapata ujumbe kwa pamoja. Nikatafuta jina lake. Halikuwepo kwenye walioruhusiwa kuchaguliwa. Nikalikuta kwenye kijivu.

"Mama, huyu alijitoa."

"Alijitoa lini?"

"Mfumo unaonyesha hivyo."

"Si alikuwa anauguza yule, baba?"

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mwangalifu nisijipunguzie. Nilikumbuka. Wakati ule ule anaponiuliza, nilimsikia kabisa yule dada wa saluni akisema yupo, anauguza. Kulirudisha jina kwenye kijani kungenichukua muda mfupi kuliko kumalizia zile kopi. Lakini jina lilikuwa kwenye ripoti nilizozituma, limepangwa kwenye safu ya waliojitoa, na ningelirudisha ningeulizwa kwa nini, halafu ningeulizwa wengine kwenye safu ile wako wangapi wa namna yake. Niliona kamati nzima imekaa, mwenyekiti na sauti yake, na mimi katikati na mchoro wangu. Nikaona ule mfumo mweupe unachafuka.

Nikasema, "Mama, tukianza tena kuingiza watu kwa maneno ya kusikia, tutarudi Gongo la Mboto."

Nilisikia mteja gengeni kwake akiuliza bei ya hoho, na hakujibiwa.

"Haya, baba," katibu akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Akakata. Nikampa mteja wangu vyeti vyake, vimenyooka.

Klabu haikwenda.

Jumapili hiyo, baada ya kukimbia, yule dada wa saluni hakupanga foleni. Alikuja moja kwa moja mezani na mfuko, akauweka juu ya kibodi.

"Braza wa kompyuta, shika."

"Nini hiki?"

"Jezi ya aliyejitoa. Kaifua, kaipiga pasi. Kasema msije mkasema kaondoka na mali ya klabu."

Watu wakasogea. Akageukia kwao, akasema kwa sauti ambayo nadhani hata malori yaliisikia.

"Kafiwa Ijumaa. Ijumaa! Kawaambia wajomba zake wametoka Newala, msihangaike, watu wangu wanakuja. Kawaambia jikoni wapike sufuria ya watu wa jogging. Katandika na mikeka upande wa barabarani, ili mkifika mkae pamoja. Jeneza limebebwa na vijana wa bodaboda, wa kijiweni, hata hawamjui marehemu. Mie nilikwenda na jezi yangu, peke yangu. Mnajua mtu mmoja mwenye jezi msibani anafanana na nini? Anafanana na aliyepotea."

Mwenyekiti alimgeukia katibu. Hakupaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza hivyo. "Katibu. Hukupata taarifa?"

Katibu alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayekupa nafasi ya kupita kwanza. Sikupita.

"Nilipata," akasema. "Nilichelewa kuwaambia. Nisameheni."

Kuna mtu nyuma akaguna, "Gongo la Mboto nyingine," na wachache wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika ile jezi, bado ina mkunjo wa pasi. Kazi yote ya mfumo nilipewa ili mama huyu asiumbuke tena.

Nilikwenda gengeni kwake siku iliyofuata. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyaandika na kuyapunguza. Nikamwamkia, akaitika, akaendelea kupanga nyanya zake mafungumafungu. Nilipoanza tu kueleza alininyamazisha kwa mkono.

"Usinieleze mimi, mwanangu. Mimi nilikuwepo kwenye simu. Nenda kamweleze mwenyewe. Na jezi yake mpelekee wewe."

Dada wa nyimbo anakaa chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi, mlango unatazama bomba la uwani. Nilimkuta anafua. Nikampa pole. Akaitikia bila kuacha kufua. Nikamwambia nimetoka klabu, kwamba mfumo ulimhesabu amejitoa kimakosa, kwamba mfumo una mpangilio wa miezi mitatu, kwamba mfumo haukuwa na namna ya kujua anauguza.

Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Jirani yangu hakuwaambia?"

"Aliniambia."

"Na katibu hakupiga simu?"

"Alipiga."

"Alimpigia nani, mfumo?"

"Mimi."

Akanitazama kutoka viatu hadi usoni. "Kumbe wewe ndiye mfumo."

Nilitaka kusema hapana, kuna mpangilio. Nikasema, "Ndiyo, dada. Ni mimi."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Basi na mimi nimwone. Nilidhani labda ni kitu kirefu, kina miwani." Mpangaji mmoja bombani akageuza uso asicheke. Kisha yule dada akaacha kucheka. "Mjomba wangu aliniuliza mbele ya watu, hao watu wako wa mbio, wamekimbilia wapi? Nikakosa jibu. Mama yangu amelala ndani, na mimi nimesimama nje natazama barabara. Ule wali tuliwapa watoto wa mtaa mpaka wakaukataa."

Nikamnyooshea mfuko wa jezi.

"Weka hapo," akasema, akionyesha ndoo iliyofunikwa. Hakuugusa. "Mtakuja arobaini ya mama. Wote. Na atakayesimama kuwaeleza wajomba zangu kwa nini hamkuja asiwe mwenyekiti, mwenyekiti ana maneno matamu. Uwe wewe."

Sitaki kuisimulia sana siku ya arobaini. Jumapili iliyotangulia, mbele ya duara, nilisema kwamba katibu hakuchelewa, kwamba alinipigia mchana na mimi ndiye niliyemzuia, na nikasema pia nilichomwambia kuhusu Gongo la Mboto. Mwenyekiti alisema tu, "Dogo." Katibu alitazama chini. Nilitegemea kusikia nafuu baada ya kusema, kama watu wanavyosimulia. Sikuisikia.

Kwenye kisomo tulifika na jezi, vijana wakashusha magunia ya mkaa, akina mama wakapitiliza jikoni. Baada ya dua nilisimama chini ya turubai, upande wa wanaume, mbele ya wajomba watatu waliosafiri tena kutoka Newala. Yule dada alisimama mlangoni, upande wa wanawake, bila jezi. Nikasema mimi ndiye mwenye kutunza orodha ya wanachama, nililiondoa jina lake, nikaambiwa anauguza, sikulirudisha. Nikaomba radhi.

Mjomba mkubwa alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia nyeupe.

"Kwa hiyo hamkusahau," akasema. "Mlimfuta."

"Nilimfuta mimi, mzee."

"Kusahau ningekuelewa." Akaagiza wageni waletewe maji ya kunawa, na mimi nikaletewa kama wengine. Nilikula. Nilijua kuacha kula pale kungekuwa kujifanya mimi ndiye mfiwa.

Jina la yule dada nililirudisha kijani siku ileile niliyompelekea jezi, na halikumrudisha yeye. Alirejea uwanjani baada ya miezi kadhaa, akiwa na jezi yake. Anakimbia katikati ya kundi. Nyimbo sasa anaanzisha mtu mwingine, ambaye hana sauti ile, na hakuna anayemwomba yeye aanzishe. Mimi huwa namsalimia, naye huitikia.

Ule mfumo mweupe tumeuacha. Nilirudi Sinza kwa yule kijana, nikajibu maswali yake yote, na mengine nikalazimika kurudi Wazo kumuuliza katibu kwanza. Kwenye mfumo wake, wenye rangi za bango la mganga, kila jina lina sehemu mbili pembeni: anaitikiwa na nani, na yuko wapi. Hakuna jina linalogeuka rangi lenyewe. Kabla ya kuliondoa, mtu wa klabu lazima awe amefika nyumbani kwa mwenye jina na kuongea naye, na jina la aliyefika linaandikwa. Anayetangaza misiba ni katibu, kwa simu yake mwenyewe. Jumapili tunasimama duara tena, yeye anaita, watu wanaitikiana, na mimi nimekaa pembeni naandika ninachosikia.